Wiketi 145 za Nairobi, na Hata Moja Si ya Kenya

Kila mrushaji mkongwe wa kriketi anapostaafu, magazeti ya ulimwengu huichapisha upya orodha ile ile. James Anderson wa Uingereza alipouaga uwanja wa Lord's mjini London mwezi wa Julai 2024, orodha ilichapishwa. Ravichandran Ashwin wa India alipostaafu mwezi wa Desemba mwaka uo huo, ikachapishwa tena. Kileleni yuko Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka mwenye wiketi 800. Anafuatwa na hayati Shane Warne wa Australia aliyepata 708, kisha Anderson mwenyewe 704, Anil Kumble wa India 619 na Stuart Broad wa Uingereza 604. Hao watano ndio waliovuka wiketi 600 katika mechi za Testi, yaani zile mechi za siku tano ambazo wenye mchezo wao huzihesabu kuwa ndiyo kriketi yenyewe, na hizo nyingine kuwa ni vijukuu vyake tu.

Msomaji wa Kenya huipitia orodha hiyo kwa adabu, bila kujitafuta ndani yake. Anajua kwamba nchi yake haijacheza mechi hata moja ya Testi tangu mchezo huo ulipoletwa huku na wakoloni. Lakini lau angekuwa na subira ya kushuka chini, chini kabisa, akawapita wenye mia tano na wenye mia mbili, angewakuta wana wawili wa Nairobi. Derek Pringle alizaliwa katika jiji hili mwezi wa Septemba 1958. Dipak Patel naye alizaliwa katika jiji hili hili mwezi wa Oktoba 1958. Wa kwanza alicheza mechi 30 za Testi akapata wiketi 70. Wa pili alicheza mechi 37 akapata wiketi 75. Jumla yake ni wiketi 145, zilizopatikana kwa mikono iliyozaliwa Nairobi, na zote zimeandikwa katika vitabu vya nchi nyingine: za Pringle katika kitabu cha Uingereza, za Patel katika kitabu cha New Zealand.

Mwaka 1992, katika Kombe la Dunia lililochezewa Australia na New Zealand, Patel aliwashangaza watu alipokabidhiwa mpira mpya ili aanzishe urushaji, ilhali yeye alikuwa mrushaji wa mipira ya kuzungusha, na desturi ya mchezo ni kwamba mpira mpya hupewa warushaji wa kasi. Katika fainali ya mashindano hayo, Pringle aliwatoa wapigaji watatu wa Pakistan kwa mikimbio 22 tu, ingawa Uingereza ilishindwa. Kenya haikuwako. Iliingia katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza miaka minne baadaye.

Babake Pringle, Don Pringle, alikuwa ameichezea timu ya Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza la mwaka 1975, kisha akafariki katika ajali ya gari jijini Nairobi mwezi wa Oktoba mwaka uo huo. Walimu wa fasihi huenda wakafurahi kujua kwamba katika timu hiyo hiyo alikuwamo mrushaji kutoka Uganda aitwaye John Nagenda, ambaye ndiye yule yule mwandishi wa riwaya. Sijui mwandishi mwingine wa Afrika Mashariki aliyewahi kurusha mpira katika Kombe la Dunia, na sitarajii kumpata.

Hoja yangu leo ni kuhusu orodha yenyewe. Tumezoea kuisoma kana kwamba ni matokeo ya mtihani wa kitaifa, ambapo kila mtahiniwa alipewa karatasi moja, saa zile zile na maswali yale yale. Sivyo. Orodha hii, pamoja na kupima ustadi, hupima pia idadi ya nafasi alizopewa mtu. Anderson alizipata wiketi zake 704 katika mechi 188. Muralitharan alizipata 800 katika mechi 133. Mwalimu wa hisabati akiwaambia wanafunzi wake wagawanye, watapata kwamba Muralitharan alipata wiketi sita kwa kila mechi, na Anderson hazikufika nne. Wakiendelea na hesabu hiyo watakutana na Mwingereza wa zamani, Sydney Barnes, aliyecheza kati ya mwaka 1901 na 1914. Barnes alipata wiketi 189 katika mechi 27, yaani saba kwa kila mechi. Kwa kipimo hicho anawapita wote watano walioko kileleni, lakini katika orodha iliyozoeleka amezama mbali, kwa sababu katika zama zake mechi zilikuwa chache na safari zilikuwa za meli.

Ikiwa Barnes amezamishwa na uchache wa mechi, basi mtu ambaye hakupewa mechi hata moja amezamishwa na nini?

Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, pale unapotoka katikati ya jiji ukaupita mtaa wa Ngara kuelekea Parklands, Kenya ilikutana na Sri Lanka katika Kombe la Dunia. Muralitharan alikuwapo. Wakati huo alikwisha kuvuka wiketi 400 za Testi, na siku hiyo aliwatoa Wakenya wanne kwa mikimbio 28. Kenya ilifikisha 210. Ndipo alipoitwa kijana wa miaka 21, Collins Obuya, mrushaji wa mipira ya kuzungusha kwa kifundo cha mkono, sanaa ile ile iliyompa Warne jina. Alirusha ova zake kumi, akawatoa Wasri Lanka watano kwa mikimbio 24. Sri Lanka ikamalizwa kwa 157. Katika uwanja mmoja, siku moja, mrushaji ambaye baadaye angeshika kilele cha orodha ya ulimwengu alizidiwa na kijana wa nyumbani.

Siku ishirini hazikupita kabla ya jambo jingine kutokea mjini Durban. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la 1999 na mtu aliyewahi pia kuichezea nchi hii tenisi katika Kombe la Davis, alikuwa amekwisha kustaafu. Aliitwa arudi akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 15 Machi 2003 alirusha mbele ya Australia, timu iliyokuwa bingwa wa dunia na ambayo ingelitwaa tena kombe hilo siku chache baadaye. Katika ova nane na mipira miwili alitoa mikimbio saba tu. Ova sita kati ya hizo hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Aliwatoa watatu, mmoja wao akiwa nahodha Ricky Ponting. Australia ilishinda mechi, lakini zawadi ya mchezaji bora ilipewa mzee huyu wa Mombasa.

Aidha yuko Thomas Odoyo, mrushaji wa kasi ambaye alikuwa wa kwanza kutoka nchi isiyo na hadhi ya Testi kufikisha wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja. Alimaliza na zaidi ya 140. Wako Martin Suji na Rajab Ali. Huyo Rajab Ali ndiye aliyemtoa Brian Lara mjini Pune tarehe 29 Februari 1996, siku Kenya ilipoishinda West Indies kwa mikimbio 73. West Indies hao walikuwa na Courtney Walsh na Curtly Ambrose, warushaji ambao kwa pamoja walifikisha wiketi 924 za Testi. Kwa siku moja mahesabu hayo yote hayakuwasaidia.

Kwa nini basi Kenya haikupewa mechi za siku tano? Swali hili lina majibu mawili, na mtu mwaminifu hana budi kuyataja yote mawili.

La kwanza linatuumiza. Mnamo Juni 2000 Baraza la Kimataifa la Kriketi liliipa Bangladesh hadhi ya Testi. Kenya nayo ilikuwa ikibisha mlango uo huo. Katika miaka iliyotangulia Kenya ilikuwa imeishinda Bangladesh mara kadhaa, na mwezi wa Oktoba 1997, hapo hapo Gymkhana, iliishinda kwa mikimbio 150. Ni kweli kwamba Bangladesh ilitushinda mjini Kuala Lumpur katika fainali ya Kombe la ICC ya mwaka 1997, mpira wa mwisho kabisa, na ikatushinda tena Hyderabad mwaka 1998. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kusema kwa kutazama matokeo ya uwanjani kwamba timu hiyo ilikuwa bora kuliko Kenya. Bangladesh ilikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: watu zaidi ya milioni mia moja wanaoupenda mchezo huo, na soko la televisheni linalotokana nao.

La pili linatuumiza zaidi. Mechi ya siku moja humruhusu mrushaji ova kumi, basi. Mechi ya Testi haina mpaka huo. Muralitharan alirusha mipira zaidi ya 44,000 katika mechi zake 133, ambayo ni kiasi cha ova 55 kwa kila mechi. Mtu hawezi kufika huko kwa kucheza wikendi. Na kriketi ya Nairobi, hata katika miaka yake ya neema, ilikuwa kriketi ya wikendi: mechi za klabu, Jumamosi na Jumapili, wachezaji wakirudi kazini Jumatatu. Hatukuwa na mashindano ya nyumbani ya siku tatu au nne yenye mizizi. Waliotunyima hadhi walikuwa na hoja hapo, na sioni faida ya kuwakanushia. Linalonikera ni kwamba Bangladesh nayo, ilipopewa, mashindano yake ya siku nyingi yalikuwa machanga mno. Ilishindwa vibaya kwa miaka mingi. Ushindi wake wa kwanza wa Testi ulikuja Januari 2005. Lakini mlango ulipofunguliwa mwaka 2000, kulikuwa na mtoto wa miaka 13 katika nchi hiyo aliyeitwa Shakib Al Hasan. Mtoto huyo alifikisha wiketi 246 za Testi. Hadhi ilikuja kwanza, mrushaji akaifuata.

Je, kama tungepewa sisi, mtoto wetu wa miaka 13 angekuwa wapi? Hapa ndipo ninapouacha uwanja na kuingia mitaani, maana jibu la swali hili liko katika ramani ya Nairobi.

Kriketi ya jiji hili ilipandwa na ukoloni, na ukoloni uliipanda kwa safu. Wazungu walikuwa na klabu zao, Wahindi zao, tena kila jamaa yake: Waismailia na Aga Khan, Waislamu na Sir Ali Muslim, Masingasinga na ya kwao, Wagoa na ya kwao. Tangu mwaka 1933 kulikuwa na mechi maalumu kati ya Wazungu na Waasia. Mwafrika hakuwa na upande katika mechi hiyo. Aliingia katika mchezo kwa mlango wa nyuma, kwa kuishi jirani na viwanja. Tazama majina ya timu iliyotupatia sifa: Tom, David na Steve Tikolo ni ndugu. Maurice na Edward Odumbe ni ndugu. Martin na Tony Suji ni ndugu. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu. Tumekuwa tukilitaja jambo hili kama kisa cha kupendeza. Mimi naliona kuwa ni ushahidi wa udhaifu. Mchezo unaorithishwa nyumbani, kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake, kwa sababu familia iliangukia kuishi karibu na ua fulani, si mchezo ulioenea. Familia nne zikiisha, timu imeisha.

Na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kufika nusu fainali mwaka 2003, ambapo India ilitushinda mjini Durban, hatukuwa na kundi jingine nyuma. Yalifuata magomvi ya mishahara na migomo ya wachezaji. Maurice Odumbe, nahodha wa Pune, alifungiwa miaka mitano mnamo 2004 kwa uhusiano na mcheza kamari. Mwaka 2005 chama cha kriketi cha zamani kiliondolewa na kingine kikaundwa. Mwaka 2007 tulipata faraja ndogo, tuliposhinda ligi ya dunia ya nchi zisizo na Testi iliyochezewa hapa Nairobi, katika viwanja vya Gymkhana, Ruaraka na Jaffery's. Mwaka 2014 tukapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja. Ireland na Afghanistan zilipopewa hadhi ya Testi mwaka 2017, jina la Kenya halikuwa tena mlangoni.

Nimeutaja uwanja wa Jaffery's. Uko Lavington, upande wa magharibi wa jiji, na mtu anaweza kutoka hapo kwa miguu hadi Kawangware. Kangemi nayo haiko mbali. Katika mitaa hiyo miwili wamo watoto wengi kuliko katika miji mingi ya nchi hii. Wapo wenye vidole virefu, wenye mabega mapana, wenye ule ukaidi wa kurudia jambo moja mara elfu bila kuchoka, ambao ndio malighafi ya mrushaji. Muralitharan hakuzaliwa akiujua mpira unaogeuka. Alikuwa na kifundo cha mkono kisicho cha kawaida, na shule iliyompa mpira na mahali pa kuurusha. Maneno haya ya mwisho ndiyo muhimu. Sri Lanka hutoa wachezaji wake shuleni, na mechi za shule kuu za Colombo na Kandy huhudhuriwa na maelfu ya watu. Sisi huwatoa klabuni, na klabu ina lango na ada ya uanachama.

Siwalaumu wenye klabu. Wao ndio waliovitunza viwanja vilivyosalia, katika jiji ambalo kila kiwanja kitupu humtamanisha mjenzi wa magorofa. Mtu akipita Parklands na Westlands leo, akatazama minara iliyoota pande zote, atakubali kwamba bila klabu hizo pasingekuwa na hatua 22 za nyasi za kurushia mpira. Lakini kutunza nyasi ni kazi moja, na kumlea mrushaji ni kazi nyingine. Ya pili ni ya shule.

Nawageukia walimu. Mtaala mpya umeweka katika shule za upili za juu, ambazo ziliwapokea wanafunzi wa Gredi ya 10 wa kwanza Januari 2026, mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Mkondo huo upo karatasini. Katika shule nyingi za mjini, michezo maana yake ni kandanda katika uwanja wa vumbi. Kandanda ni mchezo mzuri, nami siupingi. Nasema tu kwamba mrushaji hahitaji uwanja mzima ili ajifunze. Anahitaji kipande cha ardhi cha urefu wa mita 20, vigingi vitatu, mpira, na mtu mzima wa kumwambia kila jioni kwamba kiwiko chake kimekunjika. Uganda, ambayo haikuwa na historia kama yetu, ilifuzu kwa Kombe la Dunia la ova ishirini la mwaka 2024, na huko Guyana Frank Nsubuga, akiwa na umri wa miaka 43, aliwatoa wachezaji wawili wa Papua New Guinea kwa mikimbio minne tu katika ova nne.

Mwezi wa Oktoba na Novemba 2027 Kombe la Dunia la mechi za siku moja limepangiwa kurudi Afrika. Mwaka 2003 wenyeji walikuwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Mara hii wenyeji ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Nafasi yetu imekaliwa na nchi yenye watu wachache kuliko Nairobi.

Nimalizie pale nilipoanzia, kwa Anderson. Mwaka 2003 alikuwa kijana wa miaka 20, naye alikuwa katika Kombe la Dunia lile lile alilocheza Collins Obuya, aliyemzidi umri kwa mwaka mmoja tu. Mwezi wa Mei 2003 Anderson alicheza mechi yake ya kwanza ya Testi, uwanjani Lord's. Obuya naye alikwenda Uingereza mwaka huo, akaajiriwa na klabu ya Warwickshire, akaumia goti, akapoteza ule mzunguko wake wa mpira. Hakukuwa na mechi za siku nne za kumrejesha taratibu nyumbani. Akageuka kuwa mpigaji, na mpigaji hodari: mwaka 2011 aliifungia Kenya mikimbio 98 dhidi ya Australia mjini Bangalore bila kutolewa. Anderson alirusha miaka 21 zaidi. Katika orodha ya warushaji wa Testi, mmoja ana 704. Jina la mwingine halimo hata chini kabisa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkabidhi mpira siku ya kwanza ya mechi ya siku tano.